Maziwa ya Fimbo ya Inox

Francine njo alinihadithia habari hii, siku ya posho, jumamosi ya kwanza kiisha Pasaka, tukiwa tumekaa nyuma ya jikoni yake hapa Nyamitaba, tunachambua maharagwe ya mbegu. Hakuinua sauti, na vidole vyake havikusimama. Alisema tu: dada yangu Adelaïde alikamua chuma siku tatu, mwaka jana, mu mwezi wa kumi. Nikasogeza ungo karibu, nikamuomba aanze pa mwanzo.

Ilikuwa siku ya lundi, jumatatu, saa mbili ya asubui. Adelaïde alikuwa anafagia chini ya tour. Tour ni mashini ya kuchonga chuma: chuma kinazunguka, kisu kinatembea pembeni yake, na kitu chenye kimeondolewa hakirudishwe tena. Ile ilikuwa ya baba yao, marehemu Papa Grégoire, aliyejifunza kazi kwa mapadri. Ilipanda mulima vipande vipande, juu ya mabega ya wanaume makumi mbili na sita, na kipande kizito kililala njiani siku mbili kwa sababu ya mvua.

Kurenti ya umeme hakuna. Tour ilizungushwa na motere ya mazutu, ya dizeli, iliyokuwa inje chini ya bati, na Francine alikuwa mulinzi wa ile motere. Toka kwa motere mukaba murefu ulipita mu tundu la ukuta, ukaja kukaa kwenye puli ine zilizopangwa kama ngazi. Mukaba ukikaa kwenye puli ya kwanza, chuma kinazunguka pole pole, mara makumi saba kwa dakika. Kwenye ya pili, mara mia moja na makumi mbili. Ya tatu, mara mia mbili na kumi, na hiyo njo ilikuwa ya kazi ya kila siku: ekseli za moto, maana yake pikipiki, vyuma vya mashini ya kusaga mihogo. Ya ine hakuna mutu aliyeitumia tena toka siku ile kitu kilichoruka kwenye tour kilipasua ubao wa mulango.

Moto ikasimama inje. Alikuwa Jean-Bosco, gérant, musimamizi wa concession, lile shamba la ng'ombe la tajiri kule juu ya mulima, mutu wa adabu, mwenye bote za mpira safi. Kando ya moto yake alikuwa amefunga kitu kirefu ndani ya gunia.

"Jambo, Mama Adelaïde."

"Jambo, Papa gérant. Hiyo umefunga ku moto kama mugonjwa iko muzee gani?"

"Haiko muzee. Iko inox."

Akafungua gunia. Ilikuwa fimbo nyeupe, inene milimetre makumi ine, ya chuma kisichoshika kutu, bila hata doa moja. Jean-Bosco akaeleza kwamba miaka kumi ile fimbo ilikuwa inakoroga maziwa ndani ya tanki kubwa ya concession. Sasa tanki imetoboka, na tajiri amenunua pompe ya kupeleka maziwa mu nyumba ya fromage, ya kutengenezea jibini, lakini pompe ilifika bila fimbo yake ya katikati. Alitaka Adelaïde aichonge hii mpaka ibakie makumi tatu, barabara, isizidi unywele na isipungue unywele.

"Iko moja tu," akasema. "Goma njia imefungwa, unajua mwenyewe."

"Na nikiiharibu?"

Jean-Bosco akapangusa kioo cha moto yake na kidole. "Kuko mutu wa Sake mwenye tour mupya. Kila mwezi ananiomba hiki kiwanja. Mimi namuambia angojee tu."

Akaenda.

Kile kiwanja kilikuwa ndani ya karatasi ya concession. Papa Grégoire alijenga mbele ya ile karatasi kuandikwa, lakini karatasi haikujua. Wale wanaume makumi mbili na sita, wengi wamekufa ao wamehamia mbali, na hakuna wengine wenye mabega ya namna ile. Adelaïde akifukuzwa pale, tour ingebakia, yeye njo angetoka. Angerudi kwa jembe, na jembe si haya, watu wote hapa tunashika jembe. Lakini mukono wake ulikuwa umezoea kusikiliza chuma, na mukono ukizoea kitu hauulizi kama ni haya ao si haya.

Akafungua kaye, daftari ya kazi ya baba yake. Ukurasa wa tatu ulisema chuma laini, mukaba upi na kisu kitembee namna gani. Wa tano ulisema shaba. Wa nane ulisema chuma cha sufuria. Ukurasa wa kumi na moja, Papa Grégoire aliandika INOX kwa herufi kubwa, akapiga mustari chini, na hakuandika tena kitu. Maisha yake yote hakuletewa inox hata mara moja. Alitayarisha tu nafasi.

Binamu yao wa Goma akatuma mu telefone picha ya tableau, orodha ya mbio za kuchongea. Ile tableau ilikuwa ya visu vingine, vya bei, na ya mashini zenye mafuta meupe yanayomwagika juu ya kisu bila kukatika. Kwa fimbo ya unene ule, ilisema izungushwe mara elfu moja kwa dakika. Adelaïde akatazama ule mulango uliopasuka. Akazima telefone.

Kesho yake, mardi, akafunga fimbo kwenye taya za tour, akaweka mukaba pa puli ya tatu kama kwa chuma chote, akaita: "Francine, washa."

Kisu kikagusa. Hapo pa kugusia kitu cheupe kikatokea, kikafura, kikapanda, kikamwagika juu ya mashini kama sufuria yenye mutu amesahau juu ya mafiga. Harufu ya maziwa yaliyoungua ikajaa atelier, ile nyumba ya kuchongea. Adelaïde akarudisha kisu nyuma. Ncha yake ilikuwa ya bluu, na ukali umeisha.

Francine akainama pa tundu la mukaba. "Nani ameacha maziwa ku moto?"

"Haiko mutu. Iko hii fimbo."

"Basi punguza moto."

Adelaïde akafikiri kidogo, akaona kwamba dada yake amesema sawa. Inox haipendi mbio. Joto haliondoki ndani yake upesi kama ndani ya chuma kingine, linabakia palepale pa kisu, linakula kisu. Akanoa kisu upya, akahamisha mukaba mpaka kwa puli ya pili.

Sasa ilibakia avansi, maana yake hatua yenye kisu kinapiga kila mara fimbo ikizunguka mara moja. Kwa kuogopa, akaanza na hatua ndogo sana. Maziwa yakatoka tone tone, na mbele ya kufika chini yalikuwa yamekwisha kuchacha, yenye vidonge. Akaongeza. Yakaacha kuchacha, lakini yalikuwa mepesi kama maji ya kusukutua kikombe. Akaongeza tena, mpaka sehemu mbili za kumi za milimetre, na akaingiza kisu ndani milimetre nzima. Hapo uzi wa chuma ukajikunja, ukakatika, ukaanguka, mwingine ukafuata, na maziwa yakashuka meupe, yenye povu, ya uvuguvugu wa mukono wa mutu. Yalipita juu ya kisu na kukipoza kuliko mafuta yoyote. Adelaïde akavuta ndoo safi na muguu, akaiweka chini.

Passe moja kutoka mwanzo wa fimbo mpaka mwisho ilichukua karibu dakika makumi mbili. Mazutu ilikuwa haba kwa sababu ya njia, ilitosha passe moja asubui na moja mangaribi. Kila passe ya milimetre nzima ilitoa litre ine.

Koko Nyiraneza akaingia na kikombe cha bati mukononi. Koko ni kusema bibi muzee: alikuwa mujane mwenye kukaa ngambo ya njia, mufupi, mwenye meno yake yote, na alikuwa anajivunia yale meno.

"Koko, nani amekutuma?" Francine akauliza.

"Pua."

Wakamujazia kikombe. Akanywa, akashika maziwa mdomoni kama mutu anayesoma barua. Akasukuma kikombe mbele wamujazie tena. Kiisha kikombe cha pili akasema: "Hii iko Bihogo."

Bihogo alikuwa ng'ombe wake, mwekundu wa giza. Pembe yake ya kushoto ilikatika siku ya Pasaka moja, alipotaka kuingia mu kanisa nyuma ya Nyiraneza na mulango ukakataa. Miaka sita iliyopita, watu wa Nyamitaba walikimbia usiku mpaka upande wa Walikale, wakakaa Mpofi miezi saba kwa watu wema. Waliporudi walikuta senyenge, waya wa miiba, imepita juu ya malisho yao ya mulimani, mpaka kwenye majani yale membamba yenye harufu ya ndimu. Waliuliza habari ya ng'ombe. Pa ofisi ya concession waliambiwa kwamba ng'ombe wote walikufa na ugonjwa wa miguu, na kwamba walizikwa vizuri.

"Labda iko maziwa ya zamani," Adelaïde akasema. "Fimbo ilikaa mu tanki miaka kumi."

"Unanifundisha maziwa? Onja. Bihogo mbele hakukula yale majani ya ndimu, hakufika kule juu, nilikuwa namufunga hapa chini. Huyu amekula ndimu juzi." Nyiraneza akapangusa mdomo. "Basi hakufa."

Akaketi kwenye sanduku la misumari, mikono juu ya magoti. Akasema mara ya pili, kwa sauti ya mutu aliyepata ufunguo mu mufuko wa nguo ya zamani: "Hakufa."

Mangaribi, passe ya pili, walikuja wanawake watano na vikombe. Mercredi asubui walikuja makumi mbili. Mukankusi, aliyekuwa na pacha wa wiki tatu na maziwa yake hayakutosha, alipewa wa kwanza, na hakuna aliyenung'unika. Waliobakia walipata nusu kikombe kila mutu. Francine akatia sehemu mu kibuyu, ikalala, ikawa mashanza, maziwa ya kuganda, mazito mazuri ya kula na viazi. Wazee wawili walibishana kama mashanza ya chuma yanahitaji chumvi. Watu walioga mbele ya kuja, kama kwa misa. Nyuzi za chuma zilizoanguka chini Francine alizikusanya na ufagio, na paka wa jirani alikuja kuzilamba, hakujikata.

Adelaïde hakuwa na furaha kama ile toka baba yake afe. Alikuwa anasimama mbele ya tour asubui na mangaribi, watu wakimungojea kimya, mukaba unapiga mulio wake, na yeye anajua kwa sikio kama hatua ya kisu ni ile ile. Lakini kila kiisha passe alipima. Na kipimo hakikunywa maziwa. Ukiingiza kisu milimetre moja, unene wa fimbo unapungua mbili, kwa sababu fimbo inazunguka na kisu kinaikuta pande zote. Mardi usiku alikuwa na makumi tatu na sita. Mercredi mangaribi aliingiza kisu nusu milimetre tu, kwa hofu, akabakia na makumi tatu na tatu.

"Unabakisha ngapi?" Nyiraneza akauliza.

"Milimetre tatu, Koko. Kiisha hapo njo kipimo chao. Nikipita, fimbo itacheza ndani ya pompe na Papa gérant ataleta yule wa Sake."

"Siku ngapi?"

"Kesho. Labda kesho na kesho-kutwa asubui."

Nyiraneza akatazama vikombe vilivyopangwa pa ukuta. "Basi usimukamue yote. Umuachie ndama."

Hakuna mutu hapa kwetu asiyejua neno hilo. Kila mangaribi unakamua chuchu tatu na ya ine unaiacha kwa ndama, na hata zile tatu hauzimalizi. Mutoto mudogo akimaliza kiwele anapigwa ku vidole. Adelaïde alikamua ng'ombe mbele ya kujua kusoma. Usiku ule alihesabu: akichukua sehemu moja tu ya kumi ya milimetre kila passe, maziwa yangedumu wiki moja, pengine mbili, na pacha wa Mukankusi wangeshika nguvu. Akalala vizuri.

Jeudi asubui akafanya vile. Akaweka kisu kikagusa tu, juu juu, kama mutu anayepapasa. Katikati ya fimbo akasimamisha kisu kisitembee, fimbo ikaendelea kuzunguka juu yake, kama vile mutu anavyosimama kidogo kumuacha ndama anyonye. Akaendelea. Akasimama tena.

Mulio ukabadilika. Ulikuwa mulio wa birika. Maziwa yakawa maji ya maziwa, maji ya maziwa yakawa maji, na maji yakakatika. Kisu kikateleza. Adelaïde akaongeza unywele mumoja, kikateleza tena. Akaita Francine azime. Fimbo iliposimama ilikuwa inang'aa kama kioo cha saa, na musumari haukuiandika hata mustari.

Hiyo njo tabia ya inox. Ukiisugua bila kuikata, inakaza ngozi. Ukiendelea kusugua, inakaza zaidi, mpaka ile ngozi inakuwa ngumu kuliko kisu. Lakini hilo halikuwa mu kaye ya Papa Grégoire. Ukurasa ulikuwa mweupe.

Watu walikuwa wamesimama na vikombe. Adelaïde akawaambia: "Leo hakuna." Wakasema hakuna shida, wakaenda. Mukankusi alibakia kidogo pa mulango na pacha mgongoni na kifuani, kiisha naye akaenda.

Adelaïde akaketi kwenye sanduku la misumari. Alikuwa na makumi tatu na mbili na sehemu nane, na ngozi ya kioo juu yake. Alitazama ukuta, na mahali pa kutundikia makoti ya kazi, na bati. Alikuwa anapima na macho namna yule wa Sake atakavyoweka mashini yake. Angevunja ukuta wa mashariki.

"Imekauka," Francine akamuambia Nyiraneza, aliyekuwa anaingia na kikombe chake kama kawaida.

Nyiraneza akaweka kiganja juu ya fimbo. Akaipapasa toka mwanzo mpaka mwisho, mara mbili.

"Haikukauka. Anazuia."

"Anazuia namna gani?"

"Ulimushika na nini?"

"Na sehemu moja ya kumi ya milimetre."

"Hiyo iko vidole."

"Koko, wewe njo ulisema nimuachie ndama."

"Na ndama iko wapi?"

Adelaïde akatazama huku na huku ndani ya atelier, kwa kweli kabisa. "Haiko."

"Haiko," Nyiraneza akasema. "Basi nilisema mubaya, mwanangu, ni mapenzi njo yalinisemesha. Ng'ombe mwenye hana ndama mbele ya macho, ukimuchezea na vidole anazuia, na kiwele kinakuwa jiwe. Haumubembelezi. Unashika na mukono muzima, unavuta, na hausimame mpaka umemaliza. Njo namna anakuamini."

"Nikivuta na mukono muzima ninabakia na makumi tatu na moja. Kiisha hapo passe moja ya mwisho. Hakuna ingine."

"Hakuna ingine," Nyiraneza akakubali.

Adelaïde alinoa kisu toka saa nane mpaka saa tisa, akajaribu ncha yake juu ya ukucha wa kidole gumba. Akashusha mukaba kwenye puli ya kwanza, ile ya makumi saba, isiyopendwa na mutu kwa sababu inachosha. Akaongeza avansi mpaka sehemu tatu za kumi. Akapima mara tatu pa kuanzia, akaingiza kisu karibu milimetre nzima, chini ya ile ngozi, pale ambapo chuma kilikuwa bado hakijasikia habari ya kusuguliwa.

"Francine. Motere isizimike hata ukisikia nini."

"Nitaikalia juu."

Kisu kikaingia. Motere ikaguna, mukaba ukalia, sakafu ikatetemeka mpaka kibuyu cha mashanza kikasogea peke yake kwa urefu wa mukono. Nyiraneza alikuwa amesimama kando ya tour, akapiga ulimi ule mulio wa kukamulia, bila haraka, kama mangaribi yote ya maisha yake. Uzi wa kwanza ulitoka mweusi. Wa pili ulitoka wa rangi ya asali. Adelaïde hakutoa mukono, hakupunguza, hakusimama. Uzi wa tatu ulikuwa mweupe, na nyuma yake maziwa yakaja kwa nguvu, yakapiga ndoo kwa sauti ile ya kukamulia ndani ya chombo kitupu, na ndani ya nusu saa ndoo ikajaa.

Alipima. Makumi tatu na moja. Ngozi ya kioo ilikuwa imelala yote chini, imejikunja vipande vipande.

Francine akamwaga mu motere mazutu ya kesho, na Adelaïde akarudisha mukaba kwa puli ya pili, akanoa tena, akapiga passe ya mwisho, nusu milimetre, toka mwanzo mpaka mwisho, bila kusimama. Ilitoa litre mbili. Alipopima alikuta makumi tatu, na unywele ulikataa kupita.

Francine alipeleka litre mbili zile kwa Mukankusi mbele ya mvua kunyesha.

Vendredi asubui Jean-Bosco akafika na moto. Alikuwa na roulement ya pompe mu mufuko, ile pete yenye fimbo inazungukia ndani, akaivika juu ya fimbo. Ikateleza mpaka mwisho kwa sauti ndogo ya pumzi. Akaivika mara ya pili kwa raha tu.

"Umechonga, Mama. Yule wa Sake nitamuambia angojee."

"Angojee mpaka wakati gani?"

"Angojee tu. Mimi si mutu wa maneno mengi."

Nyiraneza akamupa kikombe cha maziwa yaliyobakia. Jean-Bosco akashukuru, akanywa kwa adabu, akatazama ndani ya kikombe.

"Hii iko ya yule mwekundu," akasema. "Mwenye pembe imekatika. Njo muzuri kuliko wote kule. Litre nane kila siku, ine asubui, ine mangaribi, na sasa ni muzee."

"Pembe ya kushoto," Nyiraneza akasema.

"Ya kushoto."

Mvua ya jana ilikuwa bado inadondoka toka kwa bati.

"Papa gérant, uliniambia alikufa."

Jean-Bosco akafikiri. Hakuwa na hasira. "Koko, hata mimi niliambiwa na wale wa mbele yangu. Mimi nilikuta karatasi. Karatasi inasema ng'ombe makumi tisa na mbili ya concession, na huyo anahesabiwa ndani."

"Anahesabiwa ngapi?"

"Makumi ine na moja."

Nyiraneza akakubali na kichwa, kama mutu anayeandika.

"Anakula vizuri?"

"Anakula vizuri sana. Kule juu kuko majani mazuri."

"Najua."

Jean-Bosco akafunga fimbo mu gunia. Akageuka. "Mama Adelaïde, siku ingine kazi ya concession ikitoa maziwa, muyatie mu bidon, muyalete pamoja na chombo. Sisemi kwa ubaya. Ni maziwa ya concession."

"Tumesikia," Adelaïde akasema.

Juu ya meza kilibakia kipande cha mwisho chenye Adelaïde alikata na musumeno, urefu wa mukono wa mutu, ile sehemu iliyoshikwa na taya za tour siku zote na haikuguswa na kisu. Ilikuwa bado makumi ine kamili. Adelaïde akakisukuma mbele ya Jean-Bosco. Jean-Bosco akarudisha mukono nyuma kana kwamba kimemuunguza.

"Hapana, Mama. Kipande cha mwisho ni cha atelier. Njo desturi toka wakati wa Papa Grégoire. Mimi siko mwizi."

Akawasha moto yake, akapanda mulima. Saa sita kulisikika toka juu pompe inaanza kuzunguka, sauti sawasawa, bila kukwaruza. Francine akasema iko kazi nzuri. Adelaïde naye akaona hivyo.

Kile kipande alimupa Nyiraneza. Muzee akakivingirisha mu kitenge chake cha misa, akavuka njia nacho polepole, kwa sababu inox ni nzito. Nyuma ya nyumba yake kijiti cha kufungia ng'ombe kilikuwa bado kimesimama, miaka sita, na kila mvua alikuwa anakikaza na jiwe. Akaketisha kipande pale chini ya kijiti, akakata majani machanga, akayaweka karibu. Kiisha akaona usiku utakuwa baridi, akabeba vyote, kipande na majani, akavipeleka ndani karibu na moto. Jua lilipozama alikula viazi na mashanza, akafunga mulango, akalala.

Francine alizima motere, akafunika na gunia, akanawa mikono kwa jivu. Alilala mbele ya kumaliza sala yake, kama kila siku.

Adelaïde alibakia na kaye ya baba yake juu ya magoti. Akafungua ukurasa wa kumi na moja. Alilamba ncha ya kalamu ya risasi, na chini ya ule mustari wa Papa Grégoire akaandika, kwa herufi zilizolala kidogo upande:

*Puli ya pili. Ikizuia, puli ya kwanza. Mukono muzima, usisimame njiani. Usimuachie ndama, hayuko.*

Akasoma, akaona haikosi kitu. Toka juu, ndani ya senyenge, ng'ombe mumoja akalia mara moja. Ngambo ya njia, ndani ya nyumba ya Nyiraneza, kitu cha chuma kikajibu kwa sauti ndogo, kikanyamaza. Adelaïde akafunga kaye, akaiweka chini ya muto, akavuta blanketi mpaka mabegani, akalala.